Mlango wa Ukuta wa Jua

Nafula wangu, mulembe.

Umeenda Laini Saba kuwaaga, na ninajua utachelewa, maana kule kando ya reli kila kibanda kina mtu aliyewahi kukubeba mgongoni, na kila mmoja atataka unywe chai yake. Vizuri, kunywa. Mimi leo nimefunga biashara mapema. Wateja wamelalamika ati nimewaua na njaa, nikawaambia mwanangu anasafiri, waende wale mkate kama watu wengine. Sasa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, karatasi iko juu ya kibao cha kusukumia chapati, nakuandikia.

Usicheke mwandiko. Niliishia darasa la saba, lakini herufi zangu zilisifiwa mbele ya darasa lote, na hata leo katibu wa chama akiugua ni mimi huitwa kuandika. Ningeendelea na shule ningekuwa mtu wa kupigiwa saluti.

Sitakuandikia habari za kuvaa sweta. Baridi ya Eldoret utaijua mwenyewe ukifika. Kukanda unga nimekufundisha mimi, kwa hivyo hiyo bekari iliyokuajiri inapata mtu aliyekamilika, hata kama bado hawajui. Watajua siku ya kwanza ukishika unga.

Nataka tuongee juu ya mlango. Usikunje uso hivyo, nakuona hata kama haupo. Huu mlango wetu wa mbele. Tumeutukana, tumeupiga mateke, tumeusukuma na makalio mikono ikiwa imejaa, lakini mimi na wewe hatujawahi kukaa chini tukauongelea. Najua ulikuwepo siku ulipobadilishwa. Nimejua tangu mvua ile kubwa. Nimengoja uniambie, na kesho unaondoka, na hujaniambia. Hilo linaniuma kuliko mlango wenyewe. Sitaki upande gari na jambo hili likiwa limekaa katikati yetu kama abiria wa tatu.

Wacha nianze pale inapoanzia, kwa sababu wewe unajua upande wako tu.

Chumba chetu cha Laini Saba unakikumbuka. Mlango ulikuwa mabati yaliyopigiliwa kwenye mbao, na njia ya mbele ilikuwa nyembamba hivi kwamba paa la jirani lilikuwa paa letu pia. Jua halikuwahi kuugusa mlango ule. Mvua uliisikia kwa mbali. Kwa hivyo nilizeeka bila kujua jua linaweza kuufanya nini mlango. Mtu wa Laini Saba anajua wizi, anajua moto, anajua maji ya mtaro. Jua hatulijui. Halitufikii.

Ukuta wetu wa kushoto ulikuwa ukuta wa kulia wa Mama Ndinda. Bati moja. Nikikohoa, anasema pole. Nilipolazwa hospitalini ukiwa mchanga, ni yeye alikunyonyesha, wewe titi hili, Ndinda titi lile. Watu walidhani ninyi ni mapacha, ingawa wewe ulikuwa mrefu na mzuri kama mama yako, na Ndinda alikuwa Ndinda tu. Sikuwahi kumwita jirani. Nilimwita dada, na sikusema hivyo kwa adabu.

Basi chama chetu kikajikaza, akina mama wa chapati, wa sukuma, wa mitumba, mpaka tukapata kale kaploti ka Gatina, huku Kawangware. Kila mtu vyumba viwili. Nani akae wapi, tukapiga kura kwa karatasi ndani ya sufuria yangu. Mama Ndinda akapata kule ndani ya ua, ambako ile ghorofa ya jirani inamwekea kivuli mchana kutwa. Mimi nikapata mbele, ukuta wa barabarani, uso umeelekea jua linakozama. Nilifurahi! Nilisema sasa dunia yote itaona ninapoingilia.

Fundi Shikuku akaja kupima. Ulikuwa kazini siku hiyo kwa yule Mhindi, hukumwona. Aliweka kiganja kwenye plasta jioni jioni akakitoa haraka kama ameshika sufuria.

"Mama Nafula, ukuta huu si wa mchezo."

"Umefanya nini?"

"Jua linakupiga alasiri yote. Mvua ikija inaletwa na upepo wa upande huu huu. Mlango wa hapa utalowa, utakauka, utalowa, utakauka. Mti laini hapa utajikunja kama chapati yako."

"Chapati yangu haijikunji mpaka nikiikunja."

Akacheka. Nikamuuliza kuhusu chuma. Akasema chuma ni sawa, lakini jioni kitaniunguza mkono kila nikifungua, na nikisahau rangi, kutu itakula kuanzia chini. Dawa, akasema, ni mti mgumu uliokauka kabisa. Na alikuwa na mbao za mahogani zilizolala ndani ya karakana yake mpaka zikasahau maji, lakini zinatosha mlango mmoja, na tuliobaki bila mlango ni mimi na Mama Ndinda. Mlango wa pili angetengeneza kwa saiprasi, mti laini, umbo lilelile, vanishi ileile, ili kusiwe na mtu wa kuona wivu.

Tukakaa kikao. Mwenyekiti akauliza mahogani iende kwa nani. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Mama Ndinda.

"Apewe Mama Nafula! Mimi huko ndani hata pazia lingenitosha."

Wote wakacheka, wakainua mikono. Nilitaka kulia, Nafula. Nilijisikia mtu mwenye watu.

Siku ya kuchukua milango nilikuwa na oda ya chapati za harusi, sikuweza kutoka jikoni. Ukaenda wewe na Mama Ndinda. Milango ikaja kwa mkokoteni, miwili, inang'aa, huwezi kujua huu ni upi. Mama Ndinda akasema, "Huu ndio wako." Na mimi, mama yako mjanja, nikasema ngoja niupime.

Sasa kosa langu nitakwambia, maana ni kosa la mtu wa makaa. Miaka yote nimechagua makaa kwa uzito. Gunia zito, mti mgumu, moto unakaa. Gunia jepesi, mti laini, chapati moja moto umeisha. Hakuna mtu Kawangware nzima anaweza kuniuzia makaa mabaya. Kwa hivyo niliushika ule mlango huku na huku, nikauinua, mgongo ukalia. Mzito! Nikapiga kelele ploti yote isikie: "Njooni muone mahogani! Sikieni uzito wa mti!" Majirani wakaja wakauinua mmoja mmoja. Nikawaeleza kuhusu makaa. Nikawafundisha, Nafula.

Ulikuwa uzito wa maji. Saiprasi mbichi, imetoka kwa mwenye mbao bado inatoa jasho. Makaa yamepitia moto, hayana pa kuficha maji. Mbao inayo. Hilo sikulijua, na hakuna aliyesimama pale aliyelijua, isipokuwa watatu. Fundi Shikuku alikuwa anatafuta misumari kwenye mfuko usio na misumari. Mama Ndinda akasema, "Wewe na makaa yako! Nani atakudanganya?" Na wewe ukasema unaenda kuchota maji. Tulikuwa na maji.

Ukaning'inizwa. Ulikuwa mzuri kwa muda, sitakataa. Nilikuwa natoa kiti nakaa mbele yake jioni ili watu wakipita watuone wote wawili.

Halafu jua likaanza kazi. Kwanza vanishi ikawa inatoka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Halafu ubao wa katikati ukapasuka, mwanga ukawa unapita, ukiwa kitandani unaona magari ya barabarani. Halafu kona ya juu ikajivuta nje na kitasa kikakataa kukutana na tundu lake. Ikinyesha, unavimba, asubuhi haufunguki. Jua likiwaka, unasinyaa, jioni haufungiki. Majirani wale wale niliowafundisha wakaanza: "Mama Nafula, mahogani ya siku hizi inapinda?" Yule wa kinyozi akaniuliza kama niliupika. Nikamlaumu fundi moyoni. Nikalaumu vanishi. Nikafika mahali pa kumuuliza Mungu kwa nini kila kitu changu kizuri lazima kichekwe.

Mvua kubwa ikapita, jua likarudi kwa hasira. Nikiwa nafagia nikaona vipande sakafuni, kama vya biskuti. Unga wa mbao na gundi. Nikainua macho. Ubavuni mwa mlango, upande ambao hauna bawaba, kulikuwa na shimo limechongwa, la mraba, safi. Na chini yake lingine. Nikachukua bawaba kuukuu kwenye kopo, nikaiweka pale. Ikaingia kama mguu kwenye kiatu chake.

Nikakaa chini hapo hapo, ufagio mkononi. Mlango wangu mimi hufungukia kulia, kwa sababu ya bomba la maji. Wa Mama Ndinda hufungukia kushoto. Huu ulichongwa kwa ajili ya fremu yake. Halafu mtu akayaziba mashimo na kuchonga mengine.

Nikaenda ndani ya ua. Mlango wake, Nafula! Umetulia kwenye kivuli, laini, umenyooka, haujui hata jua linaitwaje. Nikapitisha kidole gumba ubavuni mwake, na chini ya vanishi nikasikia kiraka. Kwake gundi haikuanguka. Ingeanguka kwa sababu gani?

Akatoka. "Unapapasa nini mlango wangu?"

"Wangu."

Akaweka mkono kiunoni. "Mama Nafula, mlango ni mlango. Ama unataka kuuvaa kanisani?"

"Wewe ndiye uliwavalia wakwe."

Maana nilikumbuka papo hapo. Jumamosi ile baada ya milango kuja, watu wa mchumba wa Ndinda walikuja kujitambulisha. Mimi ndiye nilipika. Nilipita kwenye mlango ule nimebeba sahani, mara ngapi sijui, nikawaambia wageni, "Karibuni, huyu ni dada yangu."

Akaanza kulia. Akasema wale ni watu wa kuangalia vitu, na Ndinda alikuwa anaogopa kudharauliwa. Akasema alitaka iwe ya siku chache tu, wakwe wakiondoka arudishe.

"Na mbona hukurudisha?"

"Ulikuwa unausifu sana. Ningeanzia wapi?"

Ona huyo mtu. Ananiibia, halafu kinywa changu ndicho kinakuwa na makosa. Na ubaya ni kwamba kuna ukweli kidogo ndani yake, na ukweli huo kidogo ndio umenikosesha usingizi kuliko uongo wote. Mimi hujisifu. Nimelelewa mahali ambapo usipojisifu hakuna atakayekusaidia kazi hiyo. Lakini sikujua kwamba sifa zangu zinaweza kuwa ukuta, mtu akajificha nyuma yake.

Nikashuka mpaka Laini Saba kwa Shikuku. Nilikwenda kumtukana, nilikuwa nimepanga maneno. Nilimkuta anapiga randa. Hakuinua kichwa.

"Niliambiwa mmeelewana," akasema.

"Na nani? Mimi ulinisikia nikielewana?"

"Mama Nafula, usinionee. Msichana wako alikuwepo. Ndiye alinishikia mlango nikipiga patasi."

Nikamwambia asante, sijui kwa nini. Nikarudi Gatina kwa miguu, nikapita kwa watu wananisalimia na siwaoni. Nilikuwa naona mikono yako tu. Hiyo mikono mirefu, uliyoitoa kwangu, imeushika mlango wangu ubavuni usitikisike ili patasi iingie vizuri.

Nilipofika ulikuwa umepika. Ukasema, "Mathe umechelewa, nilikuwa na stress." Ukanipakulia. Nikala. Nikasema ugali umeiva vizuri.

Chama sijakiambia mpaka leo. Najua umeshangaa kwa nini nimemwacha Mama Ndinda na mahogani yangu, mimi mwenye mdomo huu. Wangeung'oa mlango ule siku hiyo hiyo, wangeubeba wenyewe wakiimba. Lakini swali la kwanza la mwenyekiti lingekuwa, nani alikuwepo? Na ningesema nini? Kwa hivyo nimekaa na saiprasi, nimechekwa na kinyozi, na jina lako liko safi. Nakwambia hili ujue, sio unilipe.

Baadaye nilizunguka kwa mafundi, Riruta mpaka huku, nikiuliza maswali mpaka wakaniita injinia. Sasa hakuna mtu anaweza kuniuzia mlango. Siku moja utakuwa na nyumba yako, na Mungu akikupa ukuta wa jua kama alivyonipa mimi, fanya hivi. Uinue mlango, ndiyo, halafu uuache pale, urudi baada ya wiki kadhaa uuinue tena. Ukiwa umepungua uzito, ulikuwa maji. Ugonge na kifundo cha kidole. Mbao kavu inajibu, mbichi inameza. Upakwe rangi pande zote, sio uso na mgongo tu. Mafundi husahau utosi na nyayo, na maji huingilia hapo hapo. Usichague rangi nyeusi kwa ajili ya maringo, inavuta joto. Na kabla ya kitu chochote, weka kipande cha bati juu yake, kitokeze kama kofia. Kofia ya bati inasaidia kuliko mti wa bei. Hiyo hakuna aliyeniambia, niliiona mwenyewe kwa kutazama nyumba za watu.

Sikuambii haya ili ufikirie watu ni milango. Watu hawapimiki hivyo. Mama Ndinda nilimgonga miaka yote na alijibu vizuri.

Nimefikiria sana sababu yako. Pengine Ndinda alikulilia, na wewe huwezi kumkatalia Ndinda, mlinyonya pamoja. Hilo ningelielewa. Ningekasirika, ningepiga sufuria chini, lakini ningelielewa, kwa sababu mimi mwenyewe kama Mama Ndinda angeniomba ningempa. Angeniomba tu! Ama pengine ni hii bekari. Najua ni ya kaka yake Mama Ndinda. Najua alianza kuitaja wakati ule ule. Kama ulinyamaza kwa ajili ya kazi, basi ulijiuza rahisi, binti yangu, maana kwa mikono hiyo ungepata kazi mahali popote penye unga na moto. Nimezipima sababu zote mbili, na umeshaona mimi na kupima.

Kitu kimoja kinanichanganya. Nimekuona ukipaka sabuni ya mche kwenye ukingo wa mlango ili usikwame. Nimekuona ukinisubiri nirudi sokoni, unatoka mbio kuuinua na bega ili mimi nisiuinue. Umeinua ule mlango mpaka bega la kulia limekuwa gumu. Nimekuacha. Nilidhani siku moja utachoka na kusema. Hukuchoka. Umekuwa unaniomba msamaha kwa bega, na mimi nataka kwa mdomo.

Sasa sikiliza. Barua hii haisafiri. Watu hupewa barua waisomee mbele ya safari, walie peke yao, wafute macho, wajifanye hawakuipata. Mimi sitaki hivyo. Nitakupa kesho asubuhi ukishavaa, na utaisomea hapa, mezani, begi likiwa mlangoni. Gari lako ni la mchana, nimeuliza.

Mimi nitakuwa nakanda unga wa chapati zako za njiani. Najua hutaweza kuniangalia machoni, hata ulipovunja sahani ukiwa mdogo ulikuwa unaongea na ukuta. Kwa hivyo nitakupa mgongo. Sema yote, ya Ndinda ama ya bekari, hata kama ni yote mawili, hata kama ni mabaya kuliko nilivyofikiria. Sitakukatiza, na unajua hiyo ni kazi ngumu kwangu kuliko yoyote. Nitakanda tu. Unga ukiwa laini na wewe bado unaongea, nitaendelea kukanda.

Ukimaliza, niambie umemaliza. Ndipo nitageuka.

Mama yako.